Sikiliza Gari Lako Kabla ya Kulifungua

Ndugu msomaji, huenda wewe si fundi wala dereva. Lakini kama unakaa mbali na lami, bila shaka unalijua lile gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne: Land Rover ya misheni, Land Cruiser ya zahanati, au lile la mwenye duka ambalo siku ya soko hubeba watu na magunia pamoja. Gari hilo ndilo humpeleka mama mja mzito hospitali usiku wa mvua. Siku likiharibika njiani, si mwenye gari peke yake apataye hasara.

Na kabla ya kuharibika, gari karibu siku zote hutoa habari. Hugonga, huvuma, hunguruma, husaga. Dereva husikia, huongeza sauti ya redio, na kuendelea na safari. Au hufanya kosa la pili, lililo ghali zaidi: humwambia fundi, “Giaboksi inalia.” Basi fundi huifungua giaboksi. Gari hukaa juu ya magogo wiki mbili, beringi mpya huagizwa mjini, fedha ya mavuno huisha. Na siku gari linapotoka, mlio ni ule ule. Kumbe ulikuwa wa krosi ya propela, kitu ambacho fundi angeweza kukibadili kabla ya chakula cha mchana.

Msimlaumu fundi upesi. Alitengeneza alichoambiwa. Mlio ndani ya gari la namna hii hudanganya, kwa sababu sauti husafiri katika chesisi ya chuma na kutokea mahali pengine kabisa. Land Rover huzidi katika udanganyifu huu. Tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, hadi ile ya mtindo wa zamani ya mwisho ilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016, sehemu kubwa ya bodi yake ilikuwa ya bati la alumini, na bati hilo huvuma kama debe. Ubovu uko kwenye ekseli ya nyuma, nawe utaapa kwamba uko chini ya kiti chako.

Kwa hiyo shabaha yetu leo si kukufanya fundi. Ni kukuwezesha kwenda kwa fundi na maneno ya kweli: mlio wa namna gani, unakuja lini, unakoma lini. Mwenye maneno hayo huokoa nusu ya gharama.

Nguvu ipitapo

Yafaa kwanza ujue njia ya nguvu, maana mlio utakuwa mahali fulani katika njia hiyo. Nguvu hutoka katika injini, hupita kwenye klachi, huingia giaboksi kubwa, kisha giaboksi ndogo ya pili ambayo mafundi huiita transfa. Kutoka transfa hutoka propela mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja ikiwa na krosi kila mwisho ili iweze kupinda springi zinapopanda na kushuka. Propela huingia katika difu, yaani lile tumbo la ekseli, na humo pinioni ndogo huzungusha krauni kubwa. Mwisho shafti za pembeni hupeleka nguvu kwenye magurudumu. Gari dogo la mjini huwa na nusu tu ya mambo hayo, na ndiyo sababu fundi aliyezoea teksi hupotea akikutana na Land Cruiser.

Sasa anza na uchunguzi wa bei nafuu kuliko wote. Kaza nati za magurudumu. Usicheke! Nati zilizolegea hutoa mlio wa “tik, tik, tik” gari linapokwenda polepole, unaofanana sana na mlio wa krosi, na zisipokazwa gurudumu litaondoka lenyewe. Kisha tazama matairi. Tairi la kashata kubwa, au lililoliwa vibaya, hunguruma kama beringi iliyokufa. Namna ya kulitambua ni rahisi: pita kwenye lami, kisha kwenye vumbi laini. Ngurumo ikibadilika sana kwa sababu ya njia tu, mshuku tairi. Ukiwa na shaka bado, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma, na usikilize kama mlio umehama nayo. Angalia pia kama kijiwe hakikunasa karibu na ngoma ya breki. Kijiwe kidogo hupiga kelele ya kutisha kuliko ubovu halisi.

Maswali ya kuuliza

Baada ya hayo, chukua karatasi na kalamu, na umpe mtu mwingine usukani. Wewe kaa nyuma, na mtoto mwenye masikio mazuri akae karibu nawe, maana watoto husikia vilio vyembamba ambavyo sisi tuliozeeka na injini za dizeli hatuvisikii tena.

Swali la kwanza: mlio unafuata injini au unafuata magurudumu? Simamisha gari, weka gia huru, ukanyage mafuta kidogo. Mlio ukisikika hata gari likiwa limesimama, magurudumu na difu hazimo. Sasa kanyaga klachi mpaka chini. Kama mvumo uliokuwapo umekoma, beringi ya mbele ya giaboksi ndiyo ya kushukiwa, kwa sababu klachi ikikanyagwa shafti yake huacha kuzunguka. Kama ni kinyume, yaani kulikuwa kimya na mlio ukaanza ulipokanyaga, basi ni ile beringi inayosukumwa na pedali yenyewe. Hiyo si ghali, lakini giaboksi lazima ishuke ili kuifikia. Kwa hiyo mwenye busara hubadili na sahani ya klachi siku hiyo hiyo.

Mlio ukija gari likitembea tu, jaribu gia moja moja. Hapa pana jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Katika giaboksi za magari haya, gia ya 4 kwa kawaida hupitisha nguvu moja kwa moja, bila kupitia meno ya shafti ya chini. Kwa hiyo gari linalonguruma katika gia ya 1, ya 2 na ya 3, lakini likatulia katika gia ya 4, lina ubovu ndani ya giaboksi kubwa. Linalonguruma sawasawa katika gia zote kwa mwendo ule ule, ubovu wake uko mbele ya safari: transfa, propela, difu au magurudumu. Jaribio hili la dakika kumi lingewaokoa wale waliofungua giaboksi bure.

Kuhusu transfa ya Land Rover za zamani, usiogope mvumo wake. Meno yake hufanya kazi wakati wote, na ilivuma hata ilipokuwa mpya. Cha kuogopa ni mvumo uliobadilika. Mara nyingi katika magari hayo sili iliyo kati ya giaboksi kubwa na transfa huchakaa, na oili huhama kutoka moja kwenda nyingine; transfa hujaa kupita kiasi huku giaboksi kubwa ikikauka, na hakuna hata tone linaloanguka chini kukuonya. Pima zote mbili, kila moja kwa tundu lake.

Na unapobadili oili, fungua kwanza nati ya juu, ile ya kujazia. Wako watu waliofungua ya chini kwanza, oili yote ikamwagika, halafu wakagundua kwamba ya juu imeganda kwa kutu na haifunguki, na safari ni kesho asubuhi.

Mlio wa kugonga

Kama unasikia “ko!” moja unapoanza kuondoka, na “ko!” nyingine unapoachia mafuta au unapobadili kutoka mbele kwenda nyuma, basi kuna ulegevu mahali fulani katika njia ya nguvu. Mkosaji wa kwanza wa kuchunguzwa ni krosi ya propela. Ndani ya krosi mna beringi ndogo nyembamba kama sindano, na zikikosa grisi hugeuka unga mwekundu. Huo unga ukiuona kando ya vikombe vya krosi, huna haja ya ushahidi mwingine. Mara nyingi, kabla ya kugonga, krosi kavu hulia “kwi, kwi, kwi” kama ndege, gari linapoondoka polepole asubuhi.

Ili kuishika kwa mkono, simamisha gari mahali tambarare, zima injini, weka gia huru, na uzuie magurudumu mbele na nyuma kwa mawe makubwa. Nasema mawe, sisemi breki ya mkono, na nitaeleza kwa nini. Ishike propela karibu na krosi, uisukume juu na chini, kisha uizungushe huku na huku. Kuzunguka kidogo ni kawaida, maana meno ya difu yana nafasi yake. Lakini ukiona krosi yenyewe ikicheza ndani ya vikombe vyake, gari lisisafiri. Propela ikikatika katika mwendo, hupiga kila kilicho karibu nayo, hata mabomba ya breki. Na ile ya mbele ikianguka upande wake wa mbele inaweza kuchoma ardhi kama mkuki.

Kama mlio ulianza mara tu baada ya propela kutengenezwa, pamoja na mtetemo unaousikia miguuni, mwulize fundi jambo moja: alipoiunganisha ile sehemu inayoteleza katikati ya propela, aliweka masikio ya krosi zote mbili sambamba? Propela nyingi huwa na mishale midogo ya kuonyesha hivyo, lakini mishale hiyo hufichwa na matope. Zikipishana, propela hutetemeka hata kama kila kitu ni kipya, na beringi za difu na za transfa huumia bila hatia.

Sasa breki ya mkono. Katika Land Rover za zamani, na hata zile za mtindo huo zilizoundwa mpaka 2016, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika propela ya nyuma, pale inapotoka kwenye transfa. Ukiliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke, na gari lote laweza kuteremka na kumwangukia aliye chini, ingawa breki imevutwa mpaka mwisho. Ukiiondoa propela ya nyuma, breki hiyo haiyashiki tena magurudumu ya nyuma hata kidogo. Mawe, ndugu msomaji, na magogo mazito chini ya chesisi. Wala asiwepo mtu wa kuwasha injini na kuingiza gia huku gurudumu moja tu limeinuliwa, kwa nia ya kusikiliza vizuri. Katika gari linalovuta kwa manne, yale magurudumu mengine yaliyo chini yanaweza kulivuta likaruka kutoka kwenye jeki.

Difu na beringi

Mvumo wa difu una tabia ya pekee: hubadilika kwa kukanyaga na kuachia mafuta. Nenda mwendo wa kilometa 50 kwa saa kwenye njia nzuri, kanyaga, kisha achia. Kama inalia kama inzi mkubwa unapokanyaga na kunyamaza unapoachia, au kinyume chake, mshuku krauni na pinioni. Kama inanguruma tu, kanyaga usikanyage, shuku zaidi beringi. Kama kimya chote hutawala njia iliyonyooka na kelele huja kwenye kona peke yake, tazama meno madogo yaliyo ndani ya difu, au beringi za magurudumu.

Kabla ya kuifungua difu, toa oili kidogo na uitazame juani. Ute wa kijivu kwenye nati yenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida. Na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inakueleza habari nyingine: umevuka mto. Ekseli huwa na kitundu kidogo juu cha kupumulia. Unapoiingiza ekseli yenye joto katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta. Kitundu kikiwa kimezibwa na matope, maji huingia kupitia sili. Kikizibwa siku za kawaida, joto hufanya kinyume na kuisukuma oili nje mpaka kwenye breki. Kitundu hicho husafishwa kwa waya na dakika tano. Sijui kitu kingine katika gari kilicho kidogo hivyo na kusahauliwa hivyo.

Beringi ya gurudumu hunguruma kwa kufuata mwendo, haijali gia wala mafuta. Mahali palipo wazi na pasipo watu, yumbisha gari kidogo kulia na kushoto. Unapokata kulia, uzito huegemea kushoto. Ngurumo ikiongezeka hapo, beringi ya kushoto ndiyo mgonjwa kwa kawaida. Baada ya safari, usikaze breki kwa muda, kisha simama na ukaribishe mgongo wa mkono kwenye kila habu. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, usiilaze mpaka kesho. Jioni inua gurudumu hilo, lishike juu na chini, ulitikise. Beringi ikifa kabisa huweza kung’ang’ania au kuliachia gurudumu, na hapo hakuna dereva hodari.

Mambo ya magurudumu ya mbele

Hapa gari lenyewe hukupa kipimo, kama linavuta kwa manne pale tu unapotaka, kama Land Rover za zamani za springi za majani, na Land Cruiser nyingi, ile ya 40 iliyoundwa toka 1960 hadi 1984 na ile ya 70 iliyoifuata. Mengi ya haya yana vifungo vya kuzungusha kwa mkono kwenye habu za mbele, vya kufunga na kufungua. Fungua vyote viwili, uweke gari livute kwa nyuma tu. Sasa propela ya mbele, difu ya mbele na shafti zake zimepumzika; yanayozunguka mbele ni magurudumu na beringi zake tu. Mlio ukitoweka, umekwisha kujua nusu ya gari isiyo na kosa.

“Ka-ka-ka-ka” unapokata kona kabisa huku ukivuta kwa manne ni dalili ya kiungo cha shafti ndani ya lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu la mbele. Katika Land Cruiser tufe hilo hujazwa grisi. Ukiona grisi imekuwa nyepesi kama uji na inatiririka nje, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inapita. Kiungo hicho kinaweza kuendelea kugonga kwa muda mrefu, lakini oili ikifika kwenye breki habari inakuwa nyingine.

Kuna mgongo mmoja ambao si ubovu hata kidogo. Katika magari haya hakuna difu kati ya mbele na nyuma. Ukiacha manne yakivuta kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma hupita njia zisizolingana kwenye kona, nguvu hujisokota katika propela, usukani huwa mzito, na ghafula hulipuka “ko!” chini yako. Dereva mwenye hofu hudhani difu imepasuka. Rudi nyuma kidogo kwa kunyoosha, utoe ile gia ya manne, na mambo yatatulia. Kwenye matope hilo halitokei, kwa sababu tairi huteleza na kuiachia ile nguvu.

Na mara nyingine ni kweli kitu kimepasuka. Katika Land Rover za zamani shafti za nyuma hukatika, hasa mlimani na mzigo ukiwa mzito: husikika mlipuko mmoja, injini inazunguka, gari haliendi. Gurudumu halitoki, kwa sababu ekseli ya namna hiyo hubeba uzito kwa habu, si kwa shafti. Zuia gari kwa mawe kwanza, ingiza gia ya manne, na magurudumu ya mbele yatakuvuta polepole mpaka penye fundi. Ukisikia ile ya nyuma ikisaga humo ndani, simama, ufungue nati sita za habu na uzivute shafti za upande wa nyuma nje, kisha uzibe tundu kwa kitambaa safi na kipande cha mpira ili oili isimwagike na vumbi lisiingie. Ukifika, usikubali shafti mpya iingizwe tu na gari kuondoka. Mwambie fundi aivue oili yote ya difu na kutafuta vipande vya ile ya zamani mpaka avihesabu vyote, kwa kuwa kimoja kikibaki humo kitaingia kati ya meno ya krauni.